Kamera ya utumbo mpana na kutolewa polipu: jiandae hivi, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila wiki. Mtu amepewa tarehe ya kolonoskopi, yaani kipimo cha kamera ya utumbo mpana, amekabidhiwa pakiti za unga na karatasi ya maelekezo, kafika nyumbani ndipo simu zinaanza. Uji ninywe? Hii dawa naanza saa ngapi? Nitalala au nitakuwa macho? Wakikuta kinyama wanakikata siku hiyo hiyo au naitwa tena? Na lile ambalo wengi huliacha mwisho, tena kwa sauti ya chini: kinyama kikionekana, ndiyo kansa?

Majibu nimeyapanga hapa kwa mfuatano wa siku, kuanzia wiki moja kabla ya kipimo mpaka siku ya kuchukua majibu ya maabara. Soma yote kwanza, halafu rudi uanze hatua ya 1. Pale hospitali yako ilipokuandikia tofauti na hapa, fuata ya hospitali, kwa sababu wao wanazijua figo zako, moyo wako na dawa unazotumia.

Elewa hili kwanza

Polipu ni kinyama kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Nyingine zina kikonyo kama uyoga, nyingine zimekaa bapa kiasi kwamba tope kidogo tu la choo linatosha kuzificha. Nyingi hazina saratani. Lakini saratani nyingi za utumbo mpana huanzia kwenye aina moja ya polipu iitwayo adenoma, na kutoka adenoma hadi saratani kwa kawaida hupita miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi. Miaka yote hiyo kinyama hakiumi, na kinaweza kutolewa bila kupasua tumbo. Utaratibu huu ulianza mwaka 1969, pale madaktari William Wolff na Hiromi Shinya wa New York walipoanza kukata polipu kwa kitanzi cha waya kupitia kolonoskopi. Mwaka 2012 yalichapishwa Marekani matokeo ya watu waliotolewa adenoma na kufuatiliwa kwa miaka mingi: vifo vyao vya saratani ya utumbo mpana vilikuwa pungufu kwa asilimia 53 kuliko ilivyotarajiwa.

Basi kipimo hiki kinaona ugonjwa na papo hapo kinaweza kuuzuia. Ndiyo maana nasisitiza maandalizi kuliko kitu kingine chochote. Daktari hawezi kukata asichokiona.

Nani asisubiri

Nenda mapema ikiwa unaona damu kwenye choo, ikiwa mwenendo wa haja kubwa umebadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, ikiwa unapungua uzito bila kutaka, au ikiwa damu yako imepungua na haijulikani inakwenda wapi, hasa kama wewe ni mwanaume au mwanamke uliyekoma hedhi. Asiye na dalili yoyote, mwongozo wa Marekani wa tangu 2021 unamshauri aanze kupimwa akifika miaka 45.

Onyo la kwanza, na ni kubwa: huku kwetu kila damu inayoonekana chooni huitwa bawasiri. Mtu anapaka dawa, anakalia maji ya vuguvugu yenye mizizi, mwaka unakatika. Bawasiri unaweza kuwa nayo kweli na bado ukawa na uvimbe juu yake. Damu ikirudi baada ya tiba, omba upimwe kwa kidole na kwa kamera.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pakiti zote za dawa ya kusafisha tumbo ulizoandikiwa. Zihesabu mbele ya mfamasia.
- Maji safi ya kunywa, lita 6 hivi, na jagi lenye alama za lita.
- Vinywaji angavu: madafu yaliyochujwa, juisi ya tufaha isiyo na nyuzi, supu iliyochujwa, chai ya rangi, maji yenye chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji.
- Choo cha karibu, chenye maji na taa, ambacho hutakigombania usiku.
- Karatasi laini na mafuta ya mgando.
- Orodha ya dawa zako zote, zikiwemo za asili, pamoja na majibu ya vipimo ulivyofanyiwa.
- Mtu mzima wa kukusindikiza na kukurudisha.
- Kibali cha bima, au fedha. Hapa uliza vizuri: kipimo chenyewe, kuondoa polipu na uchunguzi wa maabara mara nyingi ni gharama 3 tofauti. Wapo waliolipia ya kwanza tu, polipu ikaonekana, ikabidi waamke na kuambiwa warudi siku nyingine kwa maandalizi yale yale.

Hatua ya 1: Siku 7 kabla, peleka orodha ya dawa

Mwoneshe daktari kila unachomeza. Dawa za kufanya damu iwe nyepesi ndizo za kwanza kuzungumziwa: warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, klopidogreli siku 5 hadi 7, na zile mpya kama rivaroksabani siku chache kutegemea figo. Aspirini ya dozi ndogo mara nyingi huendelea. Usiache hata moja kwa uamuzi wako mwenyewe. Aliyewekewa waya kwenye mshipa wa moyo akiacha klopidogreli kiholela anaweza kufa kwa moyo wakati alikuwa anahangaikia utumbo.

Vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini chuma, viache siku 5 hadi 7 kabla. Wengi wanaokuja kwa kamera wamepungukiwa damu na wamepewa vidonge hivi, na hakuna aliyewaambia kwamba hugeuza choo kuwa cheusi na cha kunata. Kinaganda ukutani na kamera haioni kitu.

Mwenye kisukari apate ratiba yake kwa maandishi. Siku ya kunywa vimiminika tu, glibenklamidi au insulini ya dozi ya kawaida inaweza kuishusha sukari kwa hatari. Dawa za kundi la empagliflozini na dapagliflozini husimamishwa siku 3 au 4 kabla. Dawa za presha nyingi huendelea, lakini uliza kuhusu zile za kukojoza.

Hatua ya 2: Siku 3 kabla, badilisha sahani

Lengo ni chakula kisichoacha makapi.

Kula: ugali wa sembe, wali mweupe, mkate mweupe, viazi vilivyomenywa, ndizi zilizopikwa, mayai, samaki, kuku, nyama laini, mtindi usio na matunda.

Acha: dona, mtama na ulezi, maharage, kunde, choroko, mchicha, kisamvu, matembele, bamia, karanga, korosho, mahindi ya kuchoma, nyanya na mbegu zake, mapera, pasheni, nanasi, embe lenye nyuzi, tikiti.

Mbegu ndizo zinazotusumbua zaidi. Mbegu ya pera aliyokula mtu siku 2 zilizopita unaiona kwenye kioo imetulia ukutani, daktari anajaribu kuifyonza, mrija wa kunyonyea unaziba. Kamera inatolewa, inasafishwa, inarudishwa, na mgonjwa yuko kitandani muda wote huo. Mboga za majani nazo hazisagiki kama watu wanavyodhani. Kisamvu cha juzi huonekana ni kisamvu.

Hatua ya 3: Panga mahali pa kulala

Unatoka mkoani? Usinywe dawa ukiwa safarini. Fika mjini siku 1 kabla, mchana, ulale kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na hospitali, yenye choo ndani. Basi halitakusubiri, na ukishaanza kuharisha kwa dawa hii hupati muda wa kuomba konda asimamishe. Hata kwa wa mjini, kama nyumba yenu ina choo kimoja cha wapangaji wengi, zungumza na majirani mapema au nenda kwa ndugu. Aibu ya kusema ni ya dakika 1. Kushindwa kumaliza dawa kwa sababu choo kilikuwa na mtu ni kipimo kizima kuharibika.

Hatua ya 4: Siku 1 kabla, vinywaji angavu tu

Kuanzia asubuhi hakuna chakula kigumu, labda hospitali yako iwe imekuruhusu kifungua kinywa chepesi. Kunywa vile vinywaji vya kwenye orodha, kwa wingi, siku nzima. Kipimo chake ni rahisi: ukimimina kwenye glasi ukaona upande wa pili, kunywa.

Uji hapana, hata ukiwa mwepesi. Maziwa hapana. Na usinywe chochote chekundu au cha zambarau: juisi ya rozela, ya zabibu, soda nyekundu. Rangi hiyo ikifika ndani hufanana na damu na humpotezea daktari muda.

Mwenye kisukari achague vinywaji vyenye sukari kiasi, apime mara nyingi kuliko kawaida, na awe na glukosi karibu.

Hatua ya 5: Jioni, nusu ya kwanza ya dawa

Dawa inayotumika sana ni unga wa makrogoli, lita 4 kwa jumla, unaogawanywa mara 2. Saa 12 jioni changanya lita 2 kama pakiti inavyoelekeza. Kunywa glasi 1 kila dakika 10 hadi 15. Ndani ya saa 2 utakuwa umemaliza. Ladha yake ni ya chumvichumvi na haipendezi. Iweke kwenye baridi, inywe kwa mrija ukiupeleka nyuma ya ulimi, ukimaliza glasi nyonya kipande cha limau.

Haja ya kwanza hufika baada ya saa 1 hadi 3. Tembeatembea ndani ya nyumba, inasaidia.

Usiongeze wala kubadilisha dawa kwa ushauri wa muuza duka. Dawa za kuharisha zenye fosfeti zinaweza kuumiza figo. Manitoli nayo, ikichachushwa na bakteria wa tumboni, hutoa gesi inayoweza kushika moto, na kifaa cha kukatia polipu wakati mwingine hutumia umeme. Kama ulikunywa kitu chochote nje ya ulichoandikiwa, mwambie daktari kabla hujapanda kitandani.

Hatua ya 6: Alfajiri, nusu ya pili

Hapa ndipo watu wengi wanapokata kona. Usiku wameharisha mara nyingi, wanajiona wameisha, hawaoni sababu ya kuamka saa 10 alfajiri kunywa lita nyingine 2. Sababu ipo: usiku kucha utumbo mwembamba unaendelea kushusha majimaji ya rangi ya nyongo, nayo hutanda hasa upande wa kulia wa utumbo mpana. Polipu za upande huo mara nyingi ni bapa. Aliyekunywa nusu ya jioni tu huja akiwa safi upande wa kushoto na amefunikwa upande wa kulia, na yeye mwenyewe hawezi kujua.

Miadi ikiwa saa 3 asubuhi, anza nusu ya pili saa 10 alfajiri, maliza saa 12. Kuanzia saa 1 asubuhi usinywe chochote, hata maji, isipokuwa tone la kumezea dawa uliyoruhusiwa. Miadi ya saa 8 mchana: anza saa 3 asubuhi, maliza saa 5, funga mdomo saa 6 mchana. Hospitali nyingine hutaka ufunge mapema zaidi kwa ajili ya dawa ya usingizi. Shika saa waliyokuandikia.

Hatua ya 7: Angalia chooni

Haja ya mwisho inatakiwa iwe maji tu, ya rangi ya njano mpauko kama mkojo, na uweze kuona sakafu ya choo kupitia kwake. Kahawia au yenye vipande bado. Ukiwa na choo cha shimo, jisaidie mara moja kwenye kopo jeupe ili uone.

Hatua ya 8: Hospitalini, uliza kabla ya kusaini

Utapewa fomu ya ridhaa. Hii ni nafasi yako, usisaini kwa haraka. Uliza: mkikuta polipu mtaitoa leo? Ikiwa kubwa, mna vifaa, au mtanipa rufaa? Nani atakichunguza kinyama maabara, na majibu yatatoka lini? Likitokea tatizo usiku nipige simu gani?

Hatari zipo na una haki ya kuzijua. Utumbo kutoboka wakati wa kuangalia tu hutokea kwa chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Kwa uvimbe mkubwa unaokatwa, uwezekano huongezeka. Kutokwa damu kunakohitaji tiba, kwa polipu za kawaida, humpata takriban mtu 1 au pungufu kati ya 100.

Toa meno ya bandia. Taja mzio, pumu, ujauzito, betri ya moyo. Mwanamke uliye kwenye hedhi, njoo, hedhi haizuii kipimo.

Hatua ya 9: Ndani ya chumba cha kamera

Utawekewa kanula mkononi na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Vituo vingi hutoa dawa ya kutuliza, kama midazolamu pamoja na ya maumivu. Vingine hulaza kabisa kwa propofoli. Unalala ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja. Kamera ni mpira unaopinda, wenye upana wa sentimita 1 na ushei, mrefu kupita mita 1. Utumbo hupulizwa hewa ili ufunguke, hivyo utajaa na kutaka kujamba. Jamba. Hakuna anayeshangaa, na kuizuia kunaongeza maumivu.

Daktari huingia mpaka sikamu, mwanzo wa utumbo mpana, mahali lilipo tundu la kidole tumbo. Uchunguzi wenyewe hufanyika wakati wa kurudi, taratibu, akikagua nyuma ya kila mkunjo. Safari hiyo ya kurudi isipungue dakika 6, hata kama hakikuonekana kitu.

Polipu ikionekana, njia ya kuitoa hutegemea ukubwa na umbo:

- Ya milimita 3 au chini yake inaweza kung'olewa kwa koleo dogo. Kuanzia hapo hadi milimita 9 hukatwa kwa kitanzi cha waya bila umeme, pamoja na ukingo mdogo wa ukuta wenye afya unaoizunguka.
- Yenye kikonyo kinene hukatwa kwa kitanzi chenye umeme unaochoma mishipa. Mara nyingine kikonyo hudungwa adrenalini au kubanwa klipu kwanza ili kisimwage damu.
- Kubwa na bapa huinuliwa kwanza: maji yenye rangi ya bluu hudungwa chini yake, inaumuka, ndipo kitanzi kinapita. Ikizidi milimita 20 mara nyingi hutoka vipande vipande.
- Ipo pia njia ya kuchuna uvimbe mzima kwa kisu kidogo kinachopita ndani ya kamera. Ilikuzwa Japani, huchukua muda mrefu, na inahitaji daktari aliyeifunzwa hasa. Si kila hospitali inayo. Kupewa rufaa kwa ajili yake ni jambo jema.

Kukatwa hakuumi, kwa sababu ngozi ya ndani ya utumbo haina hisia za kuchanjwa. Unachokisikia ni mvutano na gesi.

Uvimbe ukidungwa maji na ukagoma kuinuka, ni dalili kwamba huenda umeshazama chini. Daktari makini hatalazimisha. Atachukua sampuli, atachanja alama ya wino mweusi pembeni ili mpasuaji apaone, kisha atakupeleka kwenye picha za CT na upasuaji. Ukiamka ukaambiwa "hatukutoa", muulize kama hii ndiyo sababu kabla hujaamua kwamba umepoteza pesa.

Hatua ya 10: Saa 24 za mwanzo

Tumbo litanguruma. Tembea, gesi itoke. Anza na chai na mkate, jioni kula chakula laini. Usiendeshe gari wala pikipiki, usisaini mkataba, usinywe pombe, na usiachwe na mtoto mchanga peke yako mpaka kesho yake, hata ukijisikia mzima. Dawa ya usingizi hutoka polepole kuliko unavyohisi.

Usiondoke bila ripoti ya maandishi. Itazame mambo 3: kama sikamu ilifikiwa, usafi wa utumbo, ambao mara nyingi huandikwa kwa alama za Boston, 0 hadi 9, na 6 au zaidi huku kila sehemu ikiwa na angalau 2 ndiyo inayokubalika, na idadi, ukubwa na mahali pa kila polipu.

Hatua ya 11: Siku 14 za kujiangalia

Kidonda kinaweza kutoa damu siku hiyo au kikachelewa hadi wiki 2. Michirizi kidogo kwenye haja ya kwanza si ajabu. Rudi hospitali mara moja ukiona damu nyingi au mabonge, kizunguzungu, maumivu yanayozidi, tumbo gumu, kutapika au homa.

Kuhusu homa nisikilize vizuri. Mtu akipata homa siku ya 2 anakwenda duka la dawa, anapewa dawa ya malaria, anakaa nyumbani. Baada ya kukatwa polipu, homa na maumivu ya tumbo ni jambo la hospitali mpaka ithibitishwe vinginevyo: ukuta unaweza kuwa umeungua kwa umeme au umetoboka. Beba ripoti yako, kwa sababu daktari wa zamu usiku hajui ulifanyiwa nini.

Kama uvimbe ulikuwa mkubwa, kaa karibu na hospitali kwa muda uliopewa kabla ya kurudi mkoani, acha kubeba mizigo mizito, na usitumie diklofenaki au ibuprofeni bila kuuliza. Parasetamoli inatosha. Dawa ya kufanya damu iwe nyepesi irudishwe siku aliyoandika daktari. Kusahau kuirudisha ni kosa lenye hatari sawa na kuiacha kiholela.

Hatua ya 12: Chukua majibu ya maabara

Wapo wanaotolewa kinyama, wakajisikia salama, majibu yakabaki kabatini. Usifanye hivyo. Kamera inaona umbo. Maabara ndiyo inayosema ni nini.

"Hiperplastiki", ndogo, upande wa chini: kwa kawaida haina neno. "Adenoma": ilikuwa ya kundi linaloweza kugeuka, na imetoka. "Displasia ya daraja la juu": ilikuwa imekaribia kuwa saratani, ufuatiliaji uwe wa karibu. Ikiandikwa saratani ndani ya polipu, uliza kama kingo ziko safi na kama mishipa imeguswa. Wapo ambao kukatwa kule kunatosha, wapo wanaohitaji upasuaji.

Mwambie daktari kama umekulia kandokando ya Ziwa Victoria au mahali penye kichocho. Mayai ya kichocho cha tumbo yanaweza kutengeneza polipu za uvimbe, na hapo prazikwanteli huwa sehemu ya tiba. Kwa mtoto mdogo anayetokwa damu bila maumivu, polipu ya utotoni ni sababu ya kawaida. Huwa moja, haina saratani, na hutolewa kwa kamera hii hii.

Hatua ya 13: Andika tarehe ya kurudi

Mwongozo wa Marekani wa 2020, unaotumiwa na wengi, unasema hivi kwa aliyesafishwa vizuri: adenoma 1 au 2 zisizofika milimita 10, rudi baada ya miaka 7 hadi 10; adenoma 3 au 4, baada ya miaka 3 hadi 5; adenoma 5 hadi 10, au yoyote ya milimita 10 na kuendelea, baada ya miaka 3; zaidi ya adenoma 10, baada ya mwaka 1. Iliyofika milimita 20 ikatolewa vipande vipande, miezi 6. Usafi ukiwa mbaya, ratiba hii haihesabiki na kipimo hurudiwa.

Likitokea hili, fanya hili

*Nimetapika dawa.* Pumzika dakika 30, endelea polepole, glasi 1 kila dakika 20 hadi 30. Ukitapika tena, piga simu hospitali, huenda ukahitaji dawa ya kuzuia kichefuchefu.

*Saa 4 zimepita, sijaenda haja.* Tembea, kunywa maji ya vuguvugu. Tumbo likijaa na kuuma sana, au ukitapika mfululizo, acha dawa uende hospitali. Huenda utumbo umeziba.

*Nimemaliza yote, choo bado kahawia.* Piga simu kabla hujaondoka nyumbani. Mara nyingine wanaweza kukuongezea dawa au kusogeza saa. Usifiche, kamera itaona.

*Nimejisahau nikala.* Sema ulikula nini na saa ngapi. Tumbo lenye chakula pamoja na dawa ya usingizi linaweza kupeleka matapishi mapafuni.

*Panawaka.* Osha kwa maji, usisugue, paka mafuta ya mgando tangu mwanzo na kila baada ya haja.

*Natetemeka, jasho linatoka.* Pima sukari kama una kifaa. Huna? Kunywa juisi angavu yenye sukari kisha piga simu, hata kama muda wa kufunga umefika.

*Nimeandikiwa kamera ya juu, ya koo na tumbo.* Hatua za dawa ya kuharisha hazikuhusu. Kwa kawaida hutakula kwa saa 6 hadi 8. Lakini kama tatizo lako ni ugali kukwama kooni, usingoje mpaka ushindwe na uji. Saratani ya koo la chakula ni nyingi katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, na wengi hufika wakati kamera haina tena cha kukata, inaweka bomba tu ili chakula kipite.

*Ndugu zangu nao wapimwe?* Ukikutwa na saratani ya utumbo mpana, au adenoma kubwa ya milimita 10 na kuendelea, wazazi, watoto, kaka na dada zako wanahusika. Wanaanza wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri uliogundulika wewe, ile inayotangulia. Kama wewe umegundulika ukiwa na 45, mdogo wako anaanza akifika 35. Mpe nakala ya ripoti yako aende nayo.